Benki ya Stima

Niliinunua Luthuli, kwa Abdinoor,
siku mvua ilipotusukuma wote vibarazani:
kijidude kizito cha kujaa kiganja,
mgongoni kimechorwa pua ya ndege ya vita,
meno ya papa, jicho jekundu,
na mwanamke mwenye midomo ya damu ya mzee
ameketi juu ya bomu
kama aliyeketi saluni
akingoja rangi ya kucha ikauke.

"Zipo za maua," Abdinoor akasema.
"Hiyo ina miezi saba hapa, watu wanaigeuza na kuirudisha.
Nitakutolea mia mbili."
Nami si mtu wa kuogopa kitu kilichoshushwa bei.

Wenyewe huiita benki.
Basi ndiyo benki ya kwanza
kunikopesha bila mdhamini.

Abdinoor alinieleza akikunja risiti:
marubani walichora wanawake ili warudi,
na kila waliporudi
wakaongeza kijibomu kimoja ubavuni, kuhesabu.
Sijui alikitoa wapi. Nilikibeba nyumbani pamoja na waya.

Mimi ni fundi cherehani, Umoja, ghorofa ya tatu.
Sindano sikosi.
Kila stima inapopotea nachora mkwaruzo mmoja.

Wa kwanza, transfoma ililia mara moja kama mbuzi
ikanyamaza.
Wa nne, Kwamboka wa mlango wa pili,
uchungu ulimshika saa nane usiku, simu yake imezima;
nikampa yangu, waya ukining'inia katikati yetu kama kitovu.
Mtoto alifika kabla ya gari.
Wa tisa, hesabu za Mumo.
Alikosa swali la sita akalaumu giza,
na giza halikujitetea.

Wa kumi na mbili
ni simu kutoka Masii, kuhusu mama.
Chaji ilidumu hadi neno la mwisho.
Usiku ule nilitamani ningekuwa nimeuziwa kitu kibovu.

Babu yake mama, Mulatya,
alibeba kokoto za uwanja wa ndege wa Eastleigh.
Ndege zikapaa juu ya karai lake,
kila moja na mwanamke wake, labda,
na hakuna aliyeshuka kumuuliza
mkeo anaitwa nani, tumchore.
Akarudi Masii, akatundika mizinga yake.

Sasa kidole gumba changu kimemla yule mwanamke.
Kilianza na midomo, kikaja magoti,
wiki iliyopita mkono uliokuwa ukipunga.
Limebaki bomu, juu yake hakuna mtu.
Na bomu lisilo na mtu, mezani, karibu na sukari,
linakutazama vingine.

Jumapili nikatoa rangi za kucha, kopo tatu, moja imeganda.
Nikachora leso. Nikachora viatu vya plastiki,
cha kushoto kikawa kikubwa, nikakiacha,
mama mwenyewe mguu wa kushoto ulikuwa ukivimba.
Sikumkalisha juu. Nilimsimamisha kando, mkono kiunoni,
kama anayekagua kazi ya mtu mwingine.
Bomu nikalipaka kahawia ncha hadi ncha,
nikatoboa kijitundu cheusi mbele,
likawa mzinga:
ule wa nyuki.
Lugha yetu ilikwisha kuviweka viwili hivyo
katika neno moja, mwenye kutaka achague.

Meno ya papa nimeyaacha. Yanafaa mlindaji.

Leo imepotea saa mbili, ugali ukiwa jikoni,
suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja.
Nimebonyeza. Vitaa vya buluu vimewaka ubavuni
kimoja baada ya kingine,
na Mumo ameinamia, anahesabu kwa sauti.
"Wamerudi wote?" anauliza.

Watatu, namwambia.
Mmoja bado yuko nje.